Wiki Moja na Gitaa la Mjomba

Gitaa lilikuwa jekundu, limebanduka rangi pale mkono wa mjomba ulipoegemea miaka mingi, na aliponikabidhi huko Suna nililikumbatia mbele ya watu bila haya. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amelipigia bendi mpaka vidole vikaanza kumsumbua. "Chukua, na hii spika pia," aliniambia. "Mimi nimeshiba." Nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, na tangu siku hiyo matokeo hayakunihusu tena.

Mama hakufurahi hata kidogo. Nilipoingia nyumbani Rusinga alilitazama gitaa, akanitazama mimi. "Hiyo gitaa ilikula kaka yangu," alisema. "Kila sikukuu tunamngoja, yeye yuko na bendi. Sasa inataka na wewe? Jumamosi naenda Suna, nitamrudishia." Mama akisema Jumamosi, ni Jumamosi.

Basi nilikuwa na siku sita. Nilipiga mpaka ncha za vidole zikavimba. Jamani, ule uzi mwembamba, ukiugusa spika ikiwa imewashwa, nyumba nzima inaitika! Nilicheka peke yangu. Siku ya pili nikaanza kutunga. Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa wa Kiingereza, wa kumlilia mpenzi aliyeniacha, nami sikuwa nimewahi kupata hata wa kuniacha. Nilifika ubeti wa pili nikaona aibu.

Ijumaa mama alikuwa uani anaanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Nilimtazama kupitia mlangoni, na maneno yakaja yenyewe, kwa Kijaluo. Nyar Suna, binti wa Suna, ndivyo wanavyomwita hapa kisiwani tangu alipoolewa. Niliimba Nyar Suna, gitaa likarudia. Nikaimba mikono yake, nikaimba anavyowahi ufuoni kabla ya wengine, likarudia tena, maana benga, muziki wetu Wajaluo, ndivyo inavyotaka: sauti iseme, gitaa lijibu. Mwili ulinisisimka. Nikasogea mlangoni, nikapandisha sauti.

Mama akainua mkono. "Simamisha!"

Nilijua imekwisha. Nikachomoa waya.

Lakini kwetu anayesifiwa kwenye wimbo ana haki ya kusimamisha muziki ajisifu mwenyewe, na sikuwahi kufikiri kwamba mama, mtu wa kwaya, angeidai haki hiyo. Alipangusa mikono kwenye leso, akajishika kiuno.

"Mimi Nyar Suna," alitangaza, mpaka majirani wakatoka nje, "nililetwa hapa nikiogopa maji, na nimelisha watoto watano kwa maji hayo hayo! Anayebisha aje tuanike omena!"

Majirani wakapiga vigelegele. Yeye akanigeukia, uso mkavu.

"Kesho naenda Suna mikono mitupu. Rudisha hiyo waya haraka. Nyar Suna hajamaliza."