Nilivyomchagulia dada yangu valvu ya moyo bila kumuuliza

Wakuu, mwadila!

Ninayoandika hapa ni kweli tupu, na anayeaibika ni mimi peke yangu. Chekeni kwa raha.

Miaka ile kampuni binafsi zimeanza kuruhusiwa kununua pamba, nilikuwa karani wa mojawapo huku Sapiwi. Pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la chini, nazitenganisha kwa jicho tu. Basi nikajiona najua ubora wa kila kitu duniani.

Mdogo wangu Kabula alikuwa na mwaka mmoja tu kwenye ndoa. Akawa akibeba ndoo anahema, miguu inavimba. Tukampeleka hospitali Mwanza, wakakuta valvu ya moyo imeharibika.

Daktari akatueleza option zote. Kuipanua kwa puto kupitia mshipa wa pajani haifai, imeshakakamaa mno. Inabidi kifua kifunguliwe, iwekwe nyingine.

Ya chuma inadumu sana, ila unameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yako yote, na damu inapimwa kila mara. Ya ng'ombe, yaani iliyotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, haikufungi na dawa hiyo maisha yote, lakini inachakaa, hasa kwa kijana. Halafu unapasuliwa tena, na mara ya pili hatari inaongezeka.

Tukarudi kijijini kukaa kikao. Msukuma na kikao jamani! Tulikaa vilevile kama tunapanga mahari: wanaume ndani, mwenye moyo wake nje na kina mama.

Baba mdogo akasema, "Ng'ombe mwenyewe kiangazi kikikaza anakufa, sembuse kipande chake?"

Nikasimama. "Chuma! Chuma ni daraja la kwanza." Wazee wakanipigia makofi. Mimi huyo, ambaye sindano tu naikimbia.

Tukarudi Mwanza, nikamwambia daktari kwa confidence yote, "Tumeamua chuma."

Akaniuliza, "Anayepasuliwa ni wewe?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Kabula akauliza swali moja tu. "Nikiwekewa ya chuma, nitazaa?"

Daktari akasema inawezekana, lakini ile dawa ni hatari kwa mimba na kwa mama pia. Kabula akasema, "Basi ya ng'ombe."

Kikao kizima hakuna aliyewaza hilo! Badala ya kuona aibu, nikanuna. Nikamwambia anachagua fifi. Eti nilimnunia mgonjwa wa moyo, hadi siku anaondoka kwenda kupasuliwa.

Akapona. Akazaa wawili, wa kike na wa kiume.

Baada ya miaka kumi na kitu pumzi ikaanza kukata tena. Valvu imechakaa, kama tulivyoambiwa. Safari hii alichagua ya chuma mwenyewe, maana uzazi amemaliza.

Asubuhi ya kuingia theatre nilimwomba msamaha kwa lile neno fifi. Akacheka. "Kaka, mimi nilijua itachakaa. Nilikuwa naomba tu inifikishe mpaka watoto wajue kuvaa viatu wenyewe."

Nililia kwenye korido mpaka nesi akadhani mgonjwa ni mimi.

Yupo hadi leo, anakunywa dawa zake, kliniki hakosi.

Nilichojifunza: hakuna valvu bora kuliko zote, kuna inayofaa maisha ya mtu fulani, na mtu huyo ana mdomo. Muulizeni.

Mliowahi kukaa vikao vya kijinga kama changu, shusheni hapa chini nisibaki na aibu peke yangu.