Uchuro kwa Kiingereza

Mwaka wa mwisho wa udaktari hapa Minnesota una ukatili wake, na hakuna anayekuonya. Unazunguka wodi kama kawaida, wiki nne huku, wiki nne kule, na katikati ya mizunguko hiyo hiyo ndipo hospitali zinapokuita kwenye usaili wa nafasi za kusomea ubingwa. Barua pepe inaingia, nafasi zinajaa kabla hujamaliza kunawa mikono, ukichelewa imekula kwako. Nilizoea kusoma simu chooni. Nilizoea kuvaa koti la heshima juu ya suruali ya wodini, maana kamera haishuki chini ya kifua. Ruhusa ilikuwa siku mbili tu kwa kila mzunguko, na mwezi ule wa baridi nilikuwa nimeitwa mara nne.

Nilikuwa wodi ya moyo. Kitanda cha dirishani alilala mzee wa Mombasa, aliyeuza manukato na vitambaa mtaa wa Cedar-Riverside miaka mingi mpaka miguu yake ikavimba. Wauguzi walimpenda lakini hawakumwelewa. Kiingereza chake alikuwa amekiacha dukani, akidai kwamba mgonjwa halazimiki kusema lugha ya kazi. Basi mimi, mtoto wa Tanga niliyeletwa huku nikiwa darasa la tano, ndiye niliyekaa naye. Nikimwamkia shikamoo anaitika marahaba, kisha anaanza kunisahihisha Kiswahili changu, nami namjibu kwamba hata yeye mapigo yake ya moyo yana makosa. Aliniita daktari mdogo. Nilimpenda, sioni haya kulisema.

Alikuwa anaendelea vizuri. Uvimbe ulikuwa unashuka na tulitarajia kumruhusu Ijumaa. Alilalamikia kitu kimoja tu, kahawa, kwa sababu kila kinywaji alipimiwa, na kahawa tungu ya tangawizi aliyoizoea haikuwa kwenye hesabu ya muuguzi.

Usaili wa Jumatatu ulikuwa saa nne asubuhi, na ruhusa zangu zote mbili nilikuwa nimeshazitumia. Nikamwomba mwanafunzi mwenzangu, binti wa Kimarekani mwenye roho nzuri, anishikie wagonjwa kwa dakika arobaini. Chumba pekee kilichokuwa wazi ni kile cha mwisho wa ukumbi, ambamo ndugu huingizwa kupewa habari mbaya. Kina viti laini na boksi la karatasi za kufutia machozi ambalo halikauki. Nikafungua kompyuta, na upande wa pili akatokea daktari mama wa makamo, wa hospitali moja ng'ambo ya mto, Saint Paul. Hiyo ndiyo nafasi niliyoitaka kuliko zote.

Aliniuliza juu ya mgonjwa ambaye sitamsahau. Sikuwa nimeandaa kitu, maana muda wa kujiandaa niliutumia kupima mikojo ya watu. Nikamsimulia mzee. Vizuri, kwa kweli, mpaka aliposema: ikaishaje?

Kuruhusiwa Ijumaa hakukuwa na uzito. Nilimwona anatazama saa yake. Basi nikamuua.

Nilisema kwamba siku ile theluji ilikuwa ikianguka. Kwamba aliomba kahawa ya kwao, akanywa funda moja, akasema imetosha. Kwamba binti yake alifika mbio, koti limefungwa vifungo vimepishana, kimoja juu kimoja chini. Kwamba mimi nilikuwa nimemshika mkono mpaka mwisho. Daktari yule alivua miwani akafuta macho, nami nikajua nimepita.

Kwetu, kumsema aliye hai kana kwamba amekufa ni uchuro. Mama yangu angenifinya mpaka damu itoke. Lakini nilikuwa nasema Kiingereza, na mtu wa mbali, ndani ya kompyuta, nikajiona msomi. Nilidhani uchuro haujui Kiingereza.

Niliporudi wodini mzee alikuwa ameamka usingizini. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko desturi yake.

"Mbona waingia na uso wa matanga?" aliuliza. "Nani amekufa?"

Nikasema hakuna. Akaniambia alikuwa ameota ndoto nzuri, anakunywa kahawa tungu, funda moja tu, akatosheka. Aliisimulia kwa furaha. Mimi nikaificha mikono mifukoni mwa koti.

Jumanne majibu ya figo yalirudi mabaya, Ijumaa yake ikafutwa. Jumatano miguu ilivimba tena. Daktari mkuu alieleza sababu zote, na zote zilikuwa za kweli, ningeweza kuzichora ubaoni. Hata hivyo kila nilipoingia kwa mzee nilihisi chumba chake kimenitangulia, kana kwamba kila kitu mle kinajua kinakwenda wapi. Nilianza kutazama utabiri wa hali ya hewa. Theluji ilisemwa itaanguka Alhamisi.

Na Alhamisi saa nane mchana nilikuwa na usaili wa mwisho.

Nitasema nilichofikiri, hata kama ni aibu kwa mtu aliyesoma fiziolojia. Nilifikiri kwamba nikimsimulia upya, kwa mtu mwingine, akapona, mambo yatarekebika. Pia niliitaka nafasi hiyo, endapo ya kwanza ingekwama. Mpaka leo siwezi kutenganisha nia hizo mbili, na nimejaribu.

Saa nane kasorobo nilikwenda kumuaga. Alikuwa anapumua kwa shida kidogo, lakini macho yake yalikuwa makali vilevile.

"Kaa kidogo, daktari mdogo," alisema.

Nikamwambia nina kikao, narudi saa tisa. Akasema haya, nenda mwanangu, kazi ni kazi. Alisema kwa upole, na hilo ndilo linaloniuma.

Chumba kilikuwa kile kile, na boksi lile lile. Nilimwambia msaili wa siku hiyo kwamba mzee alipona. Kwa maneno yangu nilimtembeza mzee mpaka nyumbani kwake, nikampandisha lifti, nikamweka dirishani anatazama treni zikipita chini. Nilisema kwa kusisitiza, karibu ya kuomba. Msaili alitabasamu akaingia swali lingine. Nje ya dirisha theluji ilikuwa imeanza.

Nilitoka saa tisa kasoro dakika tano. Binti wa mzee, anayefanya kazi ofisini Golden Valley, alikuwa amesimama ukumbini. Koti lake lilikuwa limefungwa vibaya, kimoja juu kimoja chini, na mwenyewe hakulitambua hilo.

"Waliniita kazini, nika-drive tu, hata sijui nimepita wapi," aliniambia. "Ameshaenda."

Kwenye meza ya kitanda palikuwa na kikombe cha karatasi, bado kinanukia tangawizi. Asubuhi mjukuu wake alikuwa ameleta kahawa ndani ya chupa ya chai, na yule mwanafunzi mwenzangu, aliyenishikia tena wagonjwa, alipoona hali imefika pale, alimruhusu mzee anywe. Alikunywa funda moja. Mwenzangu alikuwa analia. Aliniuliza neno alilolisema mzee baadaye lina maana gani, akalitamka kwa shida, imetosha. Kisha akaniambia alikuwa amemshika mkono hadi mwisho, na kwamba mzee, akiwa amefumba macho, alimwita daktari mdogo.

Kila kitu kilitokea kama nilivyosema, isipokuwa mimi.

Mwezi wa tatu majibu ya usaili yalitoka, nikapata ile nafasi ya Saint Paul. Ndipo ninapofanya kazi sasa. Wiki ya kwanza, yule daktari mama alinishika bega mbele ya wenzangu wapya, akawaambia kwa fahari kwamba huyu ndiye aliyemshika mkono mgonjwa wake mpaka pumzi ya mwisho, mjifunze kwake.

Wote walinigeukia. Nikasema asante.