Ngoma Iliyofika Kabla ya Wenyewe

Pasaka iliyopita gurupe ya umeme ilizimika katikati ya wimbo. Kinanda kikanyamaza, mikro za waimbaji zikanyamaza, na yule kijana wa mitambo akaanza kuipiga gurupe mateke utadhani inasikia. Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa, kama kila mwaka. Kwenye tamasha la nyimbo za Mungu hapa Kasongo kazi yangu ni huko nyuma: kugawa maji, kupanga korali zisisukumane, kumtafutia pini mwimbaji ambaye sketi imemwachia dakika ya mwisho. Mbele wanaimba haleluya, nyuma tunagombana. Ndivyo ilivyo, usinicheke.

Basi kijana mmoja akavuta ngoma ya zamani, ambayo siku hizi tunaikalia tu, akaipiga. Ikatoa sauti ya debe lenye matope. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na ngozi ilikuwa imelegea. Akaniuliza, "Mama, hii ngoma ilishakufa?" Nikamwambia haijafa, inasikia baridi tu. Nikawasha makapi ya mawese, nikaigeuza uso wake kwenye moto. Harufu ya ngozi ilipoanza kupanda, nikamwachia kijana ngoma yake. Nilienda kukaa nyuma ya choo, mutu mzima na kilemba changu cha sherehe, nikalia mpaka umeme ukarudi.

Ngoja nikueleze, ndugu yangu, maana wale vijana sikuwaeleza.

Nilipokuwa mtoto tamasha halikuwa na kinanda. Lilikuwa na ngoma, na ngoma za Pasaka zilikuwa na adui mmoja, mvua. Kwa hiyo nyuma ya kanisa, chini ya mabati, palikuwa na moto, na mwenye moto alikuwa nyanya yangu. Korali yoyote, iwe ya mjini, iwe ya vijiji vya Kabambare, ilimletea ngoma yake kabla ya kuingia uwanjani. Aliipokea, akaizungusha polepole mbele ya moto, akaigonga kwa kidole kimoja, akasikiliza kichwa kimeinama, akaizungusha tena. Vijana wakimharakisha aliwajibu, "Ngoma ikivuma sana hupasuka. Kaa chini." Mimi nilileta makapi ya mawese na majani makavu, na nilishika upande wa pili wa zile ngoma kubwa. Mikono yangu ilinuka moshi wiki nzima, hata mwalimu wa shule alinihamishia karibu na dirisha.

Kulikuwa na desturi moja ambayo leo ukiitaja watu wanakutazama tu. Waimbaji wa mbali walikuja kwa miguu, lakini ngoma yao ilitangulia, imefungwa juu ya kinga kwa kamba za mpira, na mwenye kinga aliisukuma hiyo baisikeli kwenye matope siku nzima. Ngoma ikifika, akina mama wa Kasongo walipandisha sufuria. Hawakungoja kuona watu. Ngoma ya Wamaza imefika? Basi watu wa Wamaza wako njiani, pepeta mchele, twanga majani ya mihogo ya sombe. Nyanya alisema ngoma haiwezi kukudanganya, kwa sababu hakuna mutu anayetuma ngoma yake mahali ambapo yeye haendi.

Sasa sikiliza. Mama yangu alikuwa mwanzishaji wa korali ya Wamaza. Shule ya kule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya watu wenye bunduki, ndiyo maana alinileta Kasongo kwa nyanya, mama yake mzazi, nisome, yeye akarudi kulima. Aliponiacha alisema, "Pasaka nitakuya na korali. Tukimaliza kuimba, tunarudi wote wawili." Nililala na neno hilo tangu masomo yalipoanza. Kila nilipochapwa, kila nilipotumwa kisimani, nilijiambia: nyie subirini, Pasaka inakuja, mimi nakwenda kwetu.

Mwanzishaji, kama hujui, ndiye anayetupa maneno, na wengine wanamwitikia. Mama yangu hakuwa na maneno ya kudumu. Alianzisha kwa chochote alichokutana nacho: mto waliouvuka, mama mjamzito aliyewapa ndizi, jogoo aliyewanyima usingizi walipolala nyumbani kwa pasta fulani. Korali nzima ilikuwa na mstari mmoja tu, "Ee Bwana, tuko mu njia," na yeye aliutangulia kila mara kwa neno jipya. Watu walicheka, walilia, na walimngoja mwaka mzima kujua safari hii ataleta habari gani.

Alhamisi ile mwenye kinga akafika na ngoma ya Wamaza, matope mpaka magotini. Nilimrukia kabla hajaisimamisha kinga yake.

"Mama yangu iko wapi?"

"Iko nyuma na wenzake. Yeye mwenyewe ndiye alinifungia hii ngoma. Eh, acha kunivuta, mutoto, utaniangusha!"

Tulipofungua bache, lile turubai la kuzuia mvua, tulikuta ngoma imezungushiwa kikwembe cha mama, kile kitenge chake cha njano. Nyanya alikinusa, akacheka peke yake, akanivisha shingoni. "Haya, lete makapi. Unataka mama yako akute ngoma yake na baridi?" Sufuria zikapanda. Nilikimbia huku na huku kama kifaranga, nikimwambia kila jirani kwamba mama yangu anakuja, mpaka jirani mmoja akasema, "Tumesikia, binti, hata wenye kulala makaburini wamesikia." 

Ijumaa Kuu mvua haikupumzika. Korali nyingine ziliingia, moja hata kutoka ng'ambo ya Lualaba, zikala wali wa mpunga mpya na sombe yenye mawese mengi. Wamaza hawakuonekana. Akina mama walisema njia ni mbaya, mito imejaa, wanangoja maji yapungue. Wali wao tuliufunika kwa majani ya ndizi. Kesho yake ulikuwa umeanza kuchacha, tukawapa bata, tukapika mwingine.

Jumamosi tamasha likafunguliwa. Ngoma ya korali moja ya mjini ilipasuka, wakaja wakihema kuomba ile ya Wamaza. Nyanya akakataa. Ndipo akaja mzee wa protokole, yule wa kupanga zamu na wageni, na karatasi yake kifuani. Alisema Wamaza wamekawia, zamu yao itapewa wengine na ngoma yao pia. "Mama, unajua mwenyewe," akasema, "asiyekuwepo na lake halipo."

Nyanya hakuinuka. "Lake liko hapa. Unaliona? Ninalipasha moto. Nenda."

Mchana mwenye pikipiki mmoja, aliyetoka upande wa Salamabila, alikuja nyuma kuomba maji. Alikunywa, akapangusa mdomo, akasema kule njiani watu wenye bunduki wamesimamisha wasafiri, wamewabebesha mizigo, wameingia nao porini. Wengi wa hao wasafiri walikuwa wamevaa nguo za namna moja.

"Rangi gani?" nyanya akauliza.

"Buluu."

Wamaza walivaa buluu. Mimi nilitazama nyuso za wale akina mama, moja baada ya nyingine, nikitafuta hata mmoja atakayesema kwamba korali zenye buluu ni nyingi. Walitazama chini.

Pasta akaja, ameshika kichwa. Alituomba tusitangaze. "Uwanja umejaa, akina mama. Tukisema sasa watu watakimbia, watoto watakanyagwa. Tumalize kwanza." Miaka mingi nilimchukia yule pasta. Leo mimi mwenyewe napanga watu nyuma ya jukwaa, najua kishindo cha umati ukianza kukimbia, na ninamwelewa. Lakini hasira haijaniisha, nikwambie ukweli.

Basi tukaendelea na kazi. Hapo ndipo nilipojua nyuma ya jukwaa ni mahali gani. Mbele vigelegele, mbele makofi, mbele watu wanarusha vitambaa juu. Nyuma akina mama wanakoroga sombe huku kikwembe wamekijaza mdomoni, maana wengine walikuwa na dada zao Wamaza, na kilio chenye sauti kilikatazwa. Mwimbaji akija na sahani, wanatoa kikwembe mdomoni, wanamtabasamia, wanampakulia, wanakirudisha. Mmoja machozi yalikuwa yanadondokea ndani ya sufuria, mwenzake akamwambia, "Basi usitie chumvi tena," na kwa sekunde moja wote walicheka, Mungu wangu, kicheko kile kilinitisha kuliko kilio.

Nyanya aliendelea kuizungusha ngoma. Nilimuuliza, "Nyanya, mama anakuya?"

"Geuza," akasema. "Huku imeanza kupoa."

Nikageuza. Tuliipasha mpaka giza lilipoingia, na asubuhi tukaanza tena, bila mutu kutuagiza.

Jumapili, baada ya ibada, wakati korali ya mwisho inajipanga, waliingia kwa njia ya nyuma watu watano. Nguo za buluu hazikuwa buluu tena. Walikuwa wazee wawili, mama mmoja mwenye mguu mbovu, msichana aliyetetemeka kwa homa, na kijana mwembamba, mpiga ngoma wao, ambaye alikuwa anakohoa tangu mwaka uliotangulia. Niliwapita nikakimbilia njiani kuona wengine. Njia ilikuwa tupu. Nilisimama pale na kikwembe cha njano shingoni, nikasubiri, mpaka nilipomsikia yule mama mwenye mguu mbovu akimwambia nyanya, "Walichagua wenye nguvu. Sisi walitufukuza, wakasema hatufai. Binti yako alikuwa wa kwanza kuitwa. Unajua shingo yake, aliweza kubeba gunia na ndoo juu yake."

Nyanya alisema, "Ndiyo. Nilimlea vizuri." Alisema hivyo tu.

Pasta aliwaambia wakapumzike na kula chakula, habari itatolewa baadaye. Nyanya akainuka. Miaka yote ile hakuwahi hata mara moja kupita mbele. Alisema mbele ni kwa wenye viatu. Alibeba ngoma mwenyewe, na moshi wake na miguu yake mitupu, akaizunguka kona ya kanisa, akaiweka katikati ya uwanja. "Hii ni korali ya Wamaza," akasema. "Zamu yao haijapita."

Watano wakasimama. Kijana akapiga, na ngoma ililia vizuri sana, kali, imekaza. Ikafika mahali pa mwanzishaji. Kimya. Ngoma ikapita peke yake kipimo kizima, kisha wale watano wakaitikia kwa sauti za wagonjwa: "Ee Bwana, tuko mu njia." Tena kimya, tena wakaitikia.

Watu walidhani mwanzishaji amesahau. Wakaanza kumtia moyo, kama tunavyofanya, "Anzisha, mama! Usiogope!" Wakapiga makofi. Msichana mmoja wa korali ya mjini, kwa wema wake, akarusha neno lake kujaza pengo. Nyanya akamwinulia mkono, hapana. Pengo likaachwa. La tatu, la nne. Nikaona makofi yanapungua upande mmoja wa uwanja, kisha mwingine, watu wakianza kuhesabu kwa macho wale watano na kuwatafuta wengine. Mahali fulani katikati mwanamke akapiga yowe, na ndipo kila mutu akajua.

Mama yangu hakurudi. Wachache walirudi baada ya miezi, miguu imeharibika. Mmoja alisema alimwona akivuka mto na mzigo. Mwingine alisema hapana, alikuwa ameshaanguka kabla ya mto. Nyanya alikufa akiwa bado anawauliza wapita njia wa Salamabila. Hakuna kaburi, na mimi sikurudi Wamaza kamwe.

Siku hizi korali zinapanda pikipiki, zinapiga simu: tumeondoka, tumefika, tuko kwenye kivuko. Hakuna anayepika kabla ya kuhesabu vichwa, na mimi ndiye niliyesisitiza iwe hivyo. Moto ulizimwa kinanda kilipokuja. Chini ya mabati yale tunaweka viti vya plastiki.

Wanangu wanaupenda wimbo ule. Wakiwa wanatwanga huniomba niwaimbie kama bibi yao alivyoimba Wamaza, nami nawaimbia, "Ee Bwana, tuko mu njia," mara mbili, mara tatu. Juzi mdogo akasimamisha mchi akaniuliza, "Na yeye alikuwa anasema nini pale katikati?" Nikatafuta. Nilitafuta kweli, ndugu yangu, hata neno moja, hata sauti yake tu, ilikuwa nene au nyembamba. Sikupata kitu. Nilikuwa mtoto, nilijua kuitikia tu.