Salamu za Nje

Mshauri wa ile kliniki ya wanaume wanaopenda wanaume wenzao, huko ghorofani Buruburu, ana mikono isiyojua haraka. Kila kichupa cha dawa ya kujikinga na Ukimwi hukijaza pamba kabla ya kukikabidhi, kisha hukitikisa karibu na sikio, maana vidonge vikilia mfukoni, nyumbani huzuka maswali. Kila mteja anayeaga, mshauri humwambia yale yale, kwa sauti ya chini: “Tukikutana nje, mimi sikujui mpaka wewe unijue kwanza.” Na ahadi hiyo huitimiza. Sokoni, wanaume aliowashika mkono walipokuwa wakilia humpita wakiwa na wake zao, naye huinamia nyanya na kuzibonyezabonyeza mpaka mama mboga anamchoka. Jumamosi iliyopita alikuwa ameziinamia vivyo hivyo wakati Sylvance, mteja wake wa siku nyingi, alipotokea na mamake mzazi.

“Niaje, buda,” Sylvance akaita, watu wakisikia. “Kuja usalimie mathe.”

Mshauri akageuka nyuma kuangalia ni nani anayesalimiwa.