Jicho Kwenye Noti ya Dola

Baba alinipeleka shule ya masista Unguja nijue Kiingereza. Kilatini kilikuja bure, kama nyongeza ya mwenye duka. Tulikariri vitenzi vya Warumi mpaka koo zikakauka, nami nikinung'unika kwamba sitakutana na Mrumi maisha yangu yote. Mrumi kweli sikukutana naye. Ila Kilatini chake kilinifuata mpaka jikoni kwangu Maskati, miaka michache baada ya Mapinduzi.

Nilikwenda kule na mume wangu. Mama yangu alibaki Unguja, na tangu tuagane sikupata hata salamu yake. Mume wangu akishinda dukani Matrah, mimi nikishinda na kuta. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafuni na cha kuchekwa. Wanawake wa mtaani walinikaribisha vizuri, wakanimiminia kahawa, kisha wakaendelea na mazungumzo yao, nami nikabaki kuchezea kokwa za tende. Nilikuwa mpweke, sina namna nyingine ya kusema.

Aliyekuwa akinijia ni jirani mmoja tu, mwanamke wa makamo aliyekulia Pemba akarejeshwa Omani kuolewa. Kiswahili chake kilikuwa cha kitoto, maana alikiacha angali mtoto. Mwanawe wa pekee alikuwa ametoka kwenda Kuwaiti kutafuta kazi, na siku zile kutoka kulikuwa rahisi kuliko kuruhusiwa kurudi.

Asubuhi moja aliingia jikoni kwangu na kitambaa mkononi, akakifungua juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na noti. Mtu aliyetoka Kuwaiti alimletea, pamoja na salamu za mwanawe.

"Hebu nisomee hirizi hii, mwanangu. Mimi nnaiona tu, siijui."

Ilikuwa dola moja ya Kimarekani. Kucheka sikuweza. Maskati tukitumia rupia, na reale za fedha. Noti ya kijani mtaani petu hakuna aliyepata kuiona. Na mgongoni mwake mna duara, ndani ya duara piramidi, juu ya piramidi jicho linalotoa miale, na maneno ya Kilatini yamelizunguka. Anayezijua hirizi zetu, zilivyojaa pembe na duara na maandishi yasiyosomeka, hatamlaumu.

"Hii pesa, bi mkubwa," nikamwambia.

"Pesa gani yenye jicho? Nisomee."

Nikamsomea. Juu ya jicho wameandika kwamba Mungu ameiridhia kazi iliyoanzwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kapata kazi."

Chini ya piramidi: mpango mpya wa zama. Hapo nilisita. Mpango mpya nilikuwa nimeshauona kwetu, na ndio ulionitoa. Sikutaka mwingine. Katika duara la pili palikuwa na tai ameuma utepe, na juu ya utepe: kutoka wengi, mmoja.

Nilimweleza kwamba Wamarekani wanakusudia majimbo yao, yaliyoungana yakawa nchi moja. Hakunisikiliza. Alikuwa akilia. Alizaa watoto wengi, akasema, na Mungu alimwachia huyo mmoja.

Akaniomba bakuli na maji ya marashi. Nilijua anataka nini. Kwetu na kwao ni mamoja. Maandishi ya zafarani huoshwa, na maji yake yakanywewa kwa nia, ndiyo kombe. Nikamwonya kwamba wino wa noti hautoki kama zafarani. Akaitumbukiza vivyo hivyo. Wino haukutoka. Maji yalibaki meupe, na jicho likatukodolea kutoka chini ya bakuli.

"Umeona? Ina nguvu hii, wallahi."

Akapiga bismillahi, akanywa nusu. Kisha akanisogezea bakuli.

"Nawe kunywa. Mamako yuko wapi sasa?"

Tangu nifike Maskati hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikalichukua bakuli, nikanywa mpaka noti ikanigusa midomo.