Mpira wa Kung'aa kwenye Tela la Mjomba

Mtamba bora wa mahari yangu aliingia kwa wakwe akiburuzwa kwa kamba. Waliosababisha nawajua: mjomba wangu, kaka yake mama, na mwenye duka la vifaa pale Singida mjini.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa vitu. Mjomba alikuwa amepata tela kuukuu la trekta, akataka ng'ombe wa mahari waende Kinampanda kwa wakwe ndani ya tela, watu waone. Kuswaga kwa miguu, alisema, ni kwa wasio na kitu.

Sakafu ya tela ilikuwa chuma kitupu. Shule niliishia la nne, lakini ng'ombe nimechunga tangu utotoni. Nikasema tupate matairi mabovu ya lori, tuyapasue, tuyafunge kwa bolti, meno juu, ili kwato zipate pa kukamata.

Tulikuwa dukani; mjomba akamgeukia mwenye duka. "Msikie mpwa wangu. Anataka kulivalisha tela viatu vya katambuga."

Wakacheka. Mwenye duka akakunjua mpira mweusi, laini, unang'aa. Akasema umetoka nje, hauchakai. Hakuuliza tunabeba nini, wala mjomba hakumwambia. Nilipofungua mdomo mjomba akaniambia ninyamaze, anayenioza ni yeye.

Njiani mkojo na mavi vikatanda, mpira ukateleza kama mlenda. Kila shimo ng'ombe walianguka, wakakanyagana. Nilipiga ubavu wa tela kwa fimbo, nikapiga kelele. Trekta halikusimama.

Sasa kwa wakwe zangu, ng'ombe wa mahari lazima avuke mlango wa zizi kwa miguu yake, na shangazi wa bibi harusi husimama pale akitazama. Tulipowashusha, yule mtamba bora, mwekundu, alikuwa amevunjika mguu wa nyuma, tukamburuza kwa kamba. Wenzake walitoka wakichechemea, wametapakaa mavi hadi masikioni. Nikamwamkia shangazi shikamoo. Akaitikia huku macho yake yako kwenye kwato.

"Wakwe," akasema, "mmetuletea mahari au kitoweo?"

Ua zima likacheka. Mchumba wangu alikuwa dirishani, akafunga dirisha. Baba mkwe akauliza, kwa upole tu, nani alichagua sakafu ile. Mjomba akaninyooshea kidevu.

"Vijana wa siku hizi, mzee. Wanapenda vya kung'aa."

Ningembishia mjomba mbele ya wakwe? Niliinama. Mtamba akachinjwa palepale, hakuhesabiwa kwenye mahari, na sahani ya kwanza ya nyama nikapewa mimi. Nilitafuna huku wananitazama.

Mke nilimpata, baada ya kupeleka mtamba mwingine, nikimswaga mwenyewe kwa miguu. Lakini shemeji zangu hadi leo wakiniona wanauliza kama nimekuja na kitoweo.

Ule mpira mjomba aliung'oa, akauosha, akautandika sebuleni kwake. Kweli haujachakaa. Nikienda kumwamkia navua viatu mlangoni, napita juu yake peku, taratibu, nisiteleze.