Manowari Niliyoikata kama Gauni

Mwaka 2017 nilikuwa nashonea kwenye chumba tulichopanga ugenini, mtaa wa Rosettenville, na kitu kimoja tu kilinikera: binti yangu wa miaka kumi na moja alikuwa hanijibu kwa Kiswahili. Namwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Anaelewa kila neno, hata umbea wa wateja wangu, ila kusema hataki. Niligomba, nikabembeleza, nikanuna. Iliniuma, nisidanganye.

Siku moja mwalimu wao akawapa kazi ya kutengeneza manowari ya kubeba ndege, kisha waeleze darasani inafanya nini vitani. Mimi mtu wa Lubumbashi, bahari nimeiona kwenye kalenda. Lakini kukata, niulize mimi. Nikachukua katoni, nikaikunja katikati, nikakata pande mbili kwa mara moja, kama tunavyokata gauni ili kushoto na kulia visipishane. Mnara wa nahodha nikaubandika katikati kabisa, juu ya mkunjo. Nikaitazama, nikajipongeza.

Binti yangu naye akaitazama. "Eish, Mama," akasema. Halafu, labda kwa kuwa gundi ilikuwa inakauka na alitaka nielewe upesi, akaendelea kwa Kiswahili. "Ndege itapita wapi? Hapa juu ni barabara yake. Inakimbia, inaruka. Mnara unakaa pembeni."

Sikuinua macho. Nikaubandua mnara, nikamwuliza kwani meli yenyewe haina mizinga.

"Mizinga haifiki mbali. Ndege inaenda kupiga adui, na meli hata haimwoni."

"Na haiogopi, kutembea baharini peke yake?"

"Haitembei peke yake. Meli zingine zinaizunguka, zinailinda." Akachukua vifungo vyangu mezani, akavipanga kuizunguka katoni, kimoja kimoja.

Neno likimkimbia, anachomeka la Kiingereza, anasonga mbele. Mimi ninayesahihisha hata wahubiri, siku hiyo nilifunga mdomo. Nilifurahi mpaka nikasahau sketi ya mteja aliyesema anapita saa kumi.

Kuuhamisha ule mnara ilikuwa kazi ya dakika moja, na nilikuwa nimeelewa tangu aliposema barabara. Nikabaki nao mkononi, gundi inanikaukia vidoleni.

"Bado sijaelewa, mwanangu," nikamwambia. "Hebu nieleze tena, toka mwanzo."